Betri Ndiyo Mafuta: Hesabu ya Baiskeli ya Umeme ya Bei Nafuu

Ndugu Mwenyekiti, mafundi mliofunga vibanda mchana huu ili mje, wafanyabiashara wa vipuri, na ninyi mnaobeba mkate, maji na abiria kwa baiskeli: asanteni kwa nafasi hii. Mada tuliyopewa ni mustakabali wa baiskeli za umeme za bei nafuu na soko lake. Tutaanza na hesabu, kwa sababu katika biashara hii maneno ni mengi kuliko hesabu.

Baiskeli ya umeme yenye mtu mmoja anayesaidia kukanyaga pedali hula wati-saa 10 hadi 15 kwa kilomita. Tushike 12. Chaja na betri hupoteza kidogo, basi ukutani utavuta kama wati-saa 14. Uniti moja ya LUKU ni wati-saa 1,000, na mteja wa kawaida wa TANESCO, kodi na tozo zikiwemo, huipata kwa shilingi 350 na ushee. Kilomita moja, basi, ni kama shilingi 5. Ukienda kilomita 40 kwa siku umetumia umeme wa shilingi 200.

Wauzaji wengi huishia hapo. Wanachora bango la "sahau mafuta" na kufunga hesabu. Lakini hiyo shilingi 5 ni sehemu ndogo tu. Betri ya baiskeli inaisha kama tairi linavyoisha: kila kilomita inakula kipande chake, na kipande hicho ni ghali kuliko umeme wenyewe. Tuzipime betri mbili. Bei tunazotaja hapa ni za mfano tu. Kila mmoja aweke ya dukani kwake.

Betri ya kwanza ni seti ya risasi na asidi, zile betri kavu nne za volti 12 na ampia-saa 20. Jumla ni wati-saa 960. Ukizikausha kabisa kila siku zitakufa mapema, kwa hiyo tumia asilimia 60, yaani kama 580. Seti hiyo ina uzito wa karibu kilo 28, na uzito huo peke yake unapandisha ulaji hadi wati-saa 15 kwa kilomita. Unapata kilomita 38 kwa chaji moja. Ukizitunza zitakupa mizunguko 300 ya kuchaji na kutumia, yaani kilomita 11,400 hivi. Kama seti imenunuliwa shilingi 400,000, kila kilomita imekula shilingi 35 za betri.

Betri ya pili ni lithiamu ya aina ya LFP, ile ya chuma na fosfeti, seli 16, volti 51.2, ampia-saa 10. Hizo ni wati-saa 512. Tumia asilimia 80, unapata 410, na kwa ulaji wa 12 unakwenda kilomita 34. LFP iliyotengenezwa vizuri hufikisha mizunguko 1,500 bila taabu: kilomita 51,000. Hata ukiinunua shilingi 900,000, kilomita moja inakula shilingi 18.

Tazameni namba hizo tena. Umeme ni shilingi 5, betri ni 18 au 35. Betri ndiyo mafuta yenu, isipokuwa mmeyalipia yote siku ya kwanza. Tena betri iliyoonekana rahisi dukani ndiyo iliyokuwa ghali barabarani, karibu mara mbili. Yote tutakayosema leo kuhusu soko yanatokana na hapo: baiskeli nafuu ni ile ambayo betri yake inafika mwisho wa umri wake, na ikiumwa katikati kuna fundi wa kuifungua.

Bei ya betri duniani imeshuka kwa namna ambayo wachache waliitarajia. Mwaka 2010 pakiti ya lithiamu ilizidi dola 1,000 kwa kilowati-saa. Mwaka 2024, kwa hesabu ya kampuni ya utafiti ya BloombergNEF, wastani wa dunia ulikuwa dola 115. Ukiisoma haraka utasema betri yetu ya nusu kilowati-saa ingekuwa dola 58. Mbona dukani siyo? Kwanza, wastani huo unabebwa na viwanda vya magari vinavyonunua kwa mikataba ya miaka. Pakiti ndogo ina seli chache, lakini inahitaji kasha, saketi ya ulinzi, nyaya na mikono ya kuikusanya kama ile kubwa. Pili, betri za lithiamu husafirishwa kama mizigo ya hatari, kwa namba UN 3480 zikiwa peke yake. Zikipanda ndege zisizidi chaji ya asilimia 30, na meli nyingi hutoza zaidi na kudai karatasi za majaribio. Tatu, na hili liko mikononi mwenu, muagizaji wa Kariakoo anaagiza ishirini za aina hii, jirani yake ishirini za aina nyingine, na kiwanda kinawatoza wote bei ya rejareja. Wafanyabiashara kumi wakikubaliana volti moja, kasha moja na soketi moja, bei itashuka kabla hatujaiomba serikali chochote.

Tukiwa bado bandarini: kwenye vitabu vya forodha baiskeli ya umeme haikai kwenye 8712 pamoja na Phoenix na Avon. Tangu 2017 ina namba yake, 8711.60, upande wa pikipiki. Wakala asiyelijua hili ataandika 8712, mzigo utazuiwa ili urekebishwe, na gharama za kuchelewa zitamla mwenye mali.

Nchi iliyofanikiwa kuifanya baiskeli ya umeme kuwa chombo cha mtu wa kawaida ni China. Miji mingi ilipiga marufuku pikipiki za mafuta, kiwango cha kwanza cha taifa kikatoka mwaka 1999, na leo vyombo hivyo vya magurudumu mawili vimezidi milioni 300. Wengi hudhani siri ilikuwa viwanda vikubwa. Viwanda vilichangia, lakini kilichoifikisha kwa mnyonge ni kwamba betri zilifanana. Yale maandishi 6-DZM-12 na 6-DZM-20 mnayoyaona ubavuni mwa betri kavu ni vipimo vya kawaida vya huko: seli sita, ampia-saa 12 au 20. Zikichoka, kibanda cha mtaani kinakubadilishia nne kwa nusu saa na kununua zile za zamani kama risasi chakavu. Kiwango cha 2018 kikaweka kasi isiyozidi kilomita 25 kwa saa na uzito usiozidi kilo 55, na kwa kufanya hivyo kikalisukuma soko kwenye lithiamu, kwa sababu kilo 28 za risasi zinakula nusu ya uzito ulioruhusiwa.

Sasa geukeni Uholanzi. Kampuni ya VanMoof ilitengeneza baiskeli za umeme za kupendeza sana, karibu kila kipuri kikiwa cha kwake peke yake, na kufuli lake likifunguliwa kwa programu ya simu. Julai 2023 ikafilisika. Wateja waliolipa maelfu ya yuro wakaanza kuhangaika kama simu zitaendelea kufungua baiskeli zao na nani atawauzia kipuri. Baiskeli ile haikuwa mbovu. Ilikuwa yatima.

Kwa hiyo mkiona betri yenye saketi iliyofungwa kwa programu ya kampuni, ambayo seli moja ikibadilishwa inakataa kuwaka, jueni mnanunua uyatima uliocheleweshwa. Tunajua kampuni zina sababu zao, hasa wizi na mikopo isiyolipwa. Kufuli ya mkopo inaeleweka. Kinachotakiwa ni mkataba useme kwamba deni likiisha kufuli linaondolewa, na kwamba kampuni ikifunga, mwenye chombo anapewa namna ya kuifungua.

Mtatuuliza habari za vituo vya kubadilishia betri, kama wafanyavyo bodaboda. Kigali, kampuni ya Ampersand imekuwa ikifanya biashara hiyo tangu 2019, na tangu Januari 2025 pikipiki mpya inayosajiliwa kubeba abiria Kigali inatakiwa iwe ya umeme. Kwa pikipiki mpango huo una mantiki. Bodaboda anayekwenda kilomita 120 kwa siku, kwa wati-saa 35 kila kilomita, anahitaji kilowati-saa 4.2, na betri moja ya kawaida haizibebi. Lazima abadilishe katikati ya siku, na kusimama saa tatu akichaji ni kupoteza abiria. Baiskeli inahitaji sehemu ya kumi ya hapo. Betri ya kilo tano unaichomoa, unapanda nayo chumbani, unaichaji usiku kwenye soketi ya kawaida. Kujenga kituo cha kubadilishia betri za baiskeli ni kumtoza mwendesha baiskeli gharama ya tatizo asilokuwa nalo. Kinachoweza kufaa ni kikundi au SACCOS kununua betri kwa jumla, kuwakodisha wanachama kwa wiki, na kumlipa fundi mmoja wa kuzipima kila mwezi. Kwa upande wa Kenya, bei ya umeme iliyowekwa mwaka 2023 kwa vyombo vya usafiri, shilingi 16 za huko kwa uniti na 8 saa za usiku kabla ya tozo, imewasaidia wenye vituo. Ni sera nzuri. Lakini kwa baiskeli, kama hesabu yetu ya mwanzo ilivyoonyesha, punguzo la umeme linagusa shilingi 5 tu. Nafuu ya kodi kwenye betri ndiyo inayogusa 18.

Sasa tuingie karakana, maana hapo ndipo soko letu litakapoanzia. Kwenye miji tambarare yenye waendesha baiskeli wengi, Tanga kwa mfano, hakuna sababu ya kusubiri baiskeli mpya kutoka nje. Baiskeli ya chuma iliyopo inaweza kufungwa mota. Lakini ile baiskeli ya kizamani ina mambo yake, na vifaa vinavyokuja kwenye maboksi havikutengenezwa kwa ajili yake.

La kwanza ni spoku. Baiskeli ya kizamani ina spoku 32 mbele na 40 nyuma. Habu yenye mota, yaani kitovu cha gurudumu, ina matundu 36. Hakuna ujanja wa kuiweka kwenye rimu yako ya zamani. Nunua rimu ya matundu 36, ya kuta mbili, na spoku nene za geji 12 au 13. Spoku za kawaida za geji 14 zitakatika moja moja karibu na habu kwa sababu mota inavuta kwa nguvu ambayo mguu hautoi. Na kwa kuwa habu ya mota ina kipenyo kikubwa, spoku ni fupi kuliko ulizozoea. Pima kabla hujaagiza. Spoku iliyokatwa na kuchongwa uzi upya kwa haraka haidumu.

La pili ni kuamua mota ikae mbele au nyuma. Mbele ni rahisi kufunga, na kwa mtu anayekwenda kazini peke yake inatosha. Kwa anayebeba mzigo, kataa. Gunia likikaa kwenye kariya, uzito unahamia nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na kwenye mchanga au mlima litazunguka bure. Mbebaji apewe mota ya nyuma. Hapo utakutana na upana: habu ya mota ya nyuma inataka milimita 135 kati ya masikio ya fremu, na baiskeli ya kizamani ni nyembamba kuliko hapo. Chuma hupanuka, lakini panua pande zote mbili sawasawa, kidogo kidogo, kwa fimbo yenye uzi na nati mbili, huku ukipima kwa kamba kutoka kichwa cha fremu. Anayetumia nyundo huishia na gurudumu linalokwenda upande. Fremu ya alumini usiipanue kabisa, inapasuka.

La tatu ndilo linaloharibu vifaa vingi kuliko yote, na dawa yake ni kipande cha chuma cha bei ya soda. Ekseli ya mota si kama ekseli ya kawaida. Mota inaposukuma gurudumu mbele, ekseli nayo inasukumwa kuzunguka nyuma. Pande zake mbili zimechongwa bapa, milimita 10, ili zishikwe na masikio ya fremu. Masikio yakichoka au nati ikilegea, ekseli inazunguka ndani ya fremu na nyaya zote zinazopita katikati yake zinasokotwa na kukatika. Mteja atakuja akisema mota imeungua. Haijaungua, imenyongwa. Funga mkono wa kuzuia mzunguko, bamba la chuma la milimita 5 au 6 lenye tundu la bapa 10, lililobanwa kwenye fremu. Mota ya mbele kwenye foki ya chuma, mkono mmoja. Mzigo mzito au mota ya wati 500, miwili. Foki ya alumini usiifungie mota. Sikio lake hukatika ghafla bila kupinda kwanza.

Kwa mji tambarare mota ya wati 250 inatosha mtu mmoja. Ya mizigo, wati 500. Kontrola, kile kisanduku kinachoongoza mota, ya ampia 15 kwenye volti 36 tayari inaruhusu wati 540 kwa muda mfupi, hivyo usidanganywe na maandishi ya wati 1,000 kwenye boksi. Betri ikae katikati ya fremu, siyo kwenye kariya, ambako itapigwa na kila shimo na kumnyima mteja nafasi ya mzigo. Weka fyuzi ya ampia 30 karibu na betri. Wengi huiweka karibu na kontrola, na waya ukichubuka kabla ya kuifikia, hakuna kinachouzuia usishike moto.

Nyaya kwa watu wa pwani ni somo la peke yake. Waya unaotoka kwenye ekseli uangalie chini, kisha upinde kwenda juu, ili maji ya mvua yadondokee kwenye kona badala ya kufuata waya hadi ndani ya mota. Soketi zote ziangalie chini na zipakwe grisi ya silikoni. Hewa ya chumvi ikishakula pini, mguso unalegea, mguso uliolegea unapata joto, na plastiki inayeyuka. Ukiona soketi ya betri imebadilika rangi kuwa kahawia, usiisafishe kwa msasa na kuirudisha. Ibadilishe pande zote mbili.

Breki: zile za vyuma zinazobana rimu kwa chini hazifai kwa chombo cha kilomita 25 kwa saa, na mvua ikinyesha kwenye rimu ya kung'aa ni kama hazipo. Weka breki za waya za kubana pembeni, au za ngoma, na mikono yenye swichi ya kukata mota. Hili halina mjadala hata mteja akilalamikia bei.

Ukimaliza, nyanyua gurudumu, washa, zungusha eksileta taratibu. Mota ikitetemeka, ikikwaruza na isizunguke, karibu kila mara ni sensa ndogo tatu zilizo ndani au waya wake. Chukua mita. Kati ya waya mwekundu mwembamba na mweusi pawe na volti 5, au pungufu kidogo. Hapo weka ncha nyekundu kwenye waya mwembamba wa njano, kisha kijani, kisha bluu, huku ukizungusha gurudumu kwa mkono polepole. Kila mmoja unatakiwa urukeruke kati ya sifuri na karibu volti 5. Unaokwama juu au chini ndio mgonjwa. Sensa zenyewe, namba 41F au 43F, ni vitu vya bei ndogo sana. Kazi ni kufungua mota na kulehemu. Kumuuzia mteja mota mpya kwa ajili ya sensa ni wizi, tuseme ukweli.

Turudi kwenye betri, maana ndiko hela iliko. Kosa linalotokea zaidi hapa kwetu ni hili: betri za risasi zimekufa, mteja ananunua lithiamu ya volti 48, anaendelea na chaja ya zamani kwa kuwa nayo imeandikwa 48. Chaja ya risasi ya 48 inatoa karibu volti 59. Lithiamu ya kawaida ya seli 13 inajaa kwenye 54.6. Gawanya 59 kwa 13: kila seli inasukumwa kwenda volti 4.54 wakati mwisho wake ni 4.2. Kinachobaki kuzuia moto ni ile saketi ya ulinzi, BMS, peke yake, kila usiku, mteja akiwa amelala. Siku transista yake ikigoma kukata umeme, hakuna kingine. LFP ya seli 16 inataka 58.4, iko karibu na 59, ndiyo maana wengine hubahatisha. Msibahatishe. Na kinyume chake, chaja ya 54.6 kwenye betri nne za risasi inatoa 13.65 kwa kila moja. Hazijai sawasawa, salfeti inajengeka kwenye sahani, na kwa miezi michache zimekwisha. Sheria ya kibanda iwe moja: usiuze betri bila chaja yake, na soketi ya chaja ya lithiamu isiingie kwenye ile ya risasi.

Mteja mwingine atasema baiskeli inazima akipanda mlima, kisha inawaka tena baada ya dakika. Hapo fungua kasha, tafuta plagi ya nyaya nyembamba zinazokwenda kwenye BMS. Kwa betri ya volti 36 kuna makundi 10 ya seli. Pima kundi moja baada ya jingine. Mkikuta makundi tisa yana 3.90 na moja lina 3.40, mmemkuta mgonjwa. Mota ikivuta, kundi hilo linaanguka chini ya kiwango na BMS inakata betri nzima ili kuliokoa. Tofauti ya 0.02 au 0.03 ni ya kawaida, ikizidi 0.1 kuna jambo. Angalieni kwanza kama kibati kinachounganisha seli kimeachia weldi, halafu chajini mpaka mwisho na kuiacha kwenye chaja usiku mmoja, mtu akiilinda, iweze kujisawazisha. Ikirudia, kundi hilo libadilishwe kwa seli za aina ileile na ujazo uleule. Asitokee fundi wa kuunganisha waya ukiruka BMS kwa sababu mteja ana haraka. Baiskeli itapanda mlima vizuri sana, hadi jioni atakapoiweka kwenye chaji.

Na seli zenyewe mzijue. Seli ya 18650, ile ya duara ya milimita 18 kwa 65, iliyoandikwa mAh 9,900 ni uongo uliochapishwa. Nzuri za kawaida huishia 3,500. Wekeni kwenye mizani: ya kweli ina gramu 45 hadi 48. Ikisoma 35, ndani kuna kitu kidogo kuliko kasha lake. Tunalisisitiza hili kwa sababu mji wa New York ulishalipia somo. Mwaka 2023 peke yake idara ya zimamoto ya huko ilihesabu mioto 268 ya betri za lithiamu na vifo 18, nyingi kwenye baiskeli na skuta za watu wanaopeleka vyakula, watu wa kipato cha chini kama wateja wetu. Mji ukatunga sheria kwamba baiskeli ya umeme isiuzwe bila kupita kipimo cha UL 2849 na betri yake UL 2271. Muagizaji wa hapa anaweza kudai karatasi hizohizo kwa msambazaji wake leo, hata kabla sheria yetu haijamlazimisha. Na mtumiaji asichaji mlangoni, kwenye njia pekee ya kutokea, wala betri iliyotoka juani ikiwa bado na joto. Aiache nusu saa.

Kuhusu aina ya lithiamu, ushauri wetu kwa joto la hapa ni LFP, ingawa ni nzito kidogo. Inavumilia joto, inachelewa kushika moto, na haina kobalti, madini ambayo karibu asilimia 70 ya yanayochimbwa duniani yanatoka Kongo, kule Kolwezi na jirani zake, na ambayo bei yake hupanda kila usafirishaji unaposimama, kama ulivyosimamishwa Februari 2025. Betri za sodiamu nazo zinakuja. China wameanza kuziuza kwenye skuta. Zina ujazo mdogo kwa kila kilo, lakini zinaweza kuzika risasi. Msizisubiri kununua, ila msijaze stoo kwa betri za risasi za miaka mitatu ijayo.

Tumalizie kwa wenye kuagiza. Wanaoanguka kwenye biashara hii mara nyingi huanguka miezi sita baada ya kuuza vizuri, pale vyombo vinaporudi na vipuri hakuna. Kwa baiskeli 100, sisi tungeweka ndani ya kontena hilohilo chaja 15, eksileta 15, kontrola 8, betri nzima 5, spoku 500 za urefu sahihi, mikono 30 ya kuzuia mzunguko, sensa 60, na soketi za betri jozi 50. Gharama hiyo iingie kwenye bei ya kuuzia tangu siku ya kwanza. Na kabla ya kulipa sehemu ya mwisho ya malipo, msambazaji awe ametuma mambo matatu: mchoro wa nyaya, jina na ujazo wa seli zilizo ndani ya betri, na picha ya pakiti moja ikiwa wazi, skrubu zikionekana. Pakiti iliyogundishwa kwa gundi pande zote, mrudishieni.